Kukariri, Kucheza au Kuongozwa: Njia Ipi Imfae Mtoto Mdogo katika Hisabati na Sayansi?

Mama mmoja wa Kisauni alinijia na mwanawe wa miaka minne na nusu, akaniambia kwa fahari, "Mwalimu, huyu ahesabu hadi mia bila kukosea." Mtoto akahesabu, na kweli hakukosea. Nikammwagia mkekani mbegu za mabuyu, nikamwomba anipe saba. Akaanza kuzisogeza moja moja huku akitaja nambari. Akafika saba, akapita, akaendelea hadi mbegu zikaisha. Hakuwa mtundu wala mzembe. Kwake yeye, saba lilikuwa neno linalofuata sita na kutangulia nane, kama mishororo ya wimbo inavyofuatana, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kuwa nambari inayotajwa mwisho ndiyo idadi ya vitu vilivyohesabiwa.

Jaribio hilo la kumwomba mtoto atoe idadi fulani kutoka kwenye rundo si langu. Wachunguzi wa makuzi ya watoto wamelitumia kwa miaka mingi, na wameonyesha kwamba mfuatano wa nambari hushikwa mapema, hata na mtoto wa miaka miwili au mitatu, ilhali maana ya idadi huja baadaye na kwa hatua: kwanza mtoto huielewa moja, kisha mbili, kisha tatu, na ndipo zilizobaki humfungukia karibu kwa pamoja. Naanza nalo kwa sababu ndicho kipimo nitakachokitumia katika ulinganisho huu. Sitauliza mtoto anajibu nini kwa swali alilolizoea, bali anafanya nini swali lilelile linapogeuzwa kidogo.

Mzazi wa Mombasa anayetafuta chekechea, au anayetaka kumsaidia mwanawe nyumbani, hukutana na njia tatu. Ya kwanza ni kukariri na mazoezi mengi: mwalimu hutaja, darasa zima huitikia, jedwali la kuzidisha huimbwa kila asubuhi, daftari hujazwa kurasa kwa kurasa, na jioni tuisheni huendeleza yaleyale. Ya pili ni mchezo huru, ambapo mtoto huwekewa maji, mchanga na vipande vya mbao vya rangi, kisha huachwa agundue mwenyewe kwa wakati wake. Ya tatu, ambayo haina jina la kuvuma na kwa hivyo haiandikwi kwenye mabango ya kutangaza shule, ni kuongozwa kwa vitu vya kushika: mtu mzima anayejua anachokitafuta huweka vitu mbele ya mtoto, huonyesha, huuliza, husubiri, husahihisha, na baadaye ndipo huhamia kwenye mchoro na alama.

Sitaki msomaji aitafute hukumu yangu hadi mwisho. Hisabati na sayansi hutajwa pamoja kana kwamba ni pacha, lakini kwa mtoto wa kati ya miaka mitatu na tisa hazianzii mahali pamoja, na njia inayofaa katika moja hupoteza muda katika nyingine. Katika hisabati ya awali mtu mzima hutangulia na mtoto hufuata. Katika sayansi ya awali jambo lenyewe hutangulia, mtoto hulifuata, na mtu mzima huja wa tatu, ingawa asipokuja kabisa kazi huharibika.

Hisabati na mambo yasiyogundulika

Nambari zina pande mbili. Upande mmoja ni makubaliano ya watu: kwamba alama hii ni nne, kwamba tunafunga vitu kumi kumi, kwamba ile 1 iliyo katika 15 si moja bali ni kumi. Hakuna mtoto atakayeyagundua hayo kwa kuchezea mchanga, hata akicheza mwaka mzima, kwa sababu hayamo mchangani. Yamo vichwani mwa watu waliokwisha kukubaliana, kama yalivyo majina ya mitaa. Lazima aambiwe. Upande wa pili ni wingi wenyewe: kwamba tano na tatu ni nane hata vitu vikipangwa upya, kwamba ukiondoa na kurudisha hujapoteza kitu, kwamba fungu la kumi ni vitu kumi na papo hapo ni fungu moja. Haya nayo hayatoshi kuambiwa. Mtoto huyaamini mikono yake inapoyathibitisha mara nyingi.

Kwa hivyo mchezo huru hukwama upande wa kwanza, na kukariri kutupu hukwama upande wa pili. Nchini Marekani, mradi mkubwa wa Follow Through ulioanza mwaka 1968 kwa ajili ya watoto wa familia maskini ulilinganisha mbinu nyingi za kufundisha kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, na mbinu ya kufundisha waziwazi, hatua kwa hatua, ndiyo iliyotoa matokeo bora katika stadi za msingi, ingawa ubishi juu ya vipimo vilivyotumika uliendelea kwa miaka. Uchanganuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 164, ulionyesha kwamba ugunduzi usio na msaada huwa nyuma ya ufundishaji wa wazi, lakini ugunduzi unaoongozwa, ambapo mwanafunzi hupewa maswali, mifano na marekebisho, huwa na manufaa kuliko njia nyingine. Mzazi anayesikia kuwa "watoto hujifunza kwa kucheza" ameambiwa nusu ya habari.

Je, kukariri hakuna kazi? Kunayo, na sisi watu wa pwani tungekuwa watovu wa shukrani kama tungekubeza, maana watoto wetu huhifadhi sura nzima za Kurani chuoni, yaani madrasani, kabla ya kuanza gredi ya kwanza. Lakini tazama vizuri jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mwalimu wa chuoni haridhiki na sauti ya darasa zima. Humwita mtoto mmoja mmoja, humsikiliza herufi kwa herufi, humrudisha alipoteleza, wala hampandishi aya nyingine mpaka hii imekaa sawa. Shule nyingi zilichukua ule uimbaji wa pamoja na kuuacha ule usikilizaji wa mmoja mmoja, kisha zikashangaa kwa nini watoto thelathini wanaimba jedwali la tatu vizuri ilhali kumi kati yao wanafungua midomo tu. Tena kuna tofauti ya asili ya jambo lenyewe: thamani ya aya imo katika maneno yake yaleyale bila kubadilishwa, ilhali thamani ya "tano mara nne ni ishirini" imo katika kuweza kuigeuza, kuivunja na kuitumia mahali pengine.

Kazi halisi ya kukariri katika hisabati ni kupunguza mzigo. Mtoto wa gredi ya pili anayelazimika kuhesabu vidole ili apate saba na sita hana nafasi iliyobaki akilini ya kufikiria kwa nini swali linamtaka ajumlishe badala ya kutoa. Akizijua jumla ndogo bila kufikiri, akili yake hupata pa kusimama. Kwa hivyo mazoezi yaje, lakini yaje baada ya maana, yawe mafupi na ya kila siku: dakika kumi baada ya chakula cha mchana zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi, na maswali ya leo yachanganywe na ya juzi ili yasisahaulike. Kumshindanisha mtoto wa miaka sita na saa ya ukutani sikushauri; nimeona watoto wanaojua jibu wakiganda kwa hofu ya mshale wa sekunde.

Njia ya tatu ina ukoo mrefu. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akawapa shanga zilizotungwa kumi kumi ili kumi ionekane na kupimika mkononi. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba ujuzi hushikwa kwanza kwa kutenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama, na Singapore ikajenga ufundishaji wake wa hisabati juu ya mfuatano wa namna hiyo tangu miaka ya 1980. Hata hivyo hatuna haja ya kusafiri mbali. Mpango wa Madrasa wa elimu ya watoto wadogo, ulioungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan, ulianzia hapahapa Mombasa katika miaka ya 1980, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Ulichanganya mafunzo ya dini na shughuli za mikono, na vifaa vyake vilitengenezwa kwa vifuu vya nazi, kombe za pwani, vizibo vya chupa na vipande vya kanga. Ninautaja kwa wale wanaodhani kuwa njia hii ni ya shule zenye mabwawa ya kuogelea.

Kwa mtoto yule wa mbegu za mabuyu, hatukurudi kwenye mia. Tulibaki kwenye tatu, nne na tano kwa siku kadhaa, mamake akimwagiza nyumbani: niletee vitunguu vinne, weka sahani tano, tupe kaimati tatu tatu kila mtu. Alipozoea, tulipanda. Ilituchukua majuma matatu kufika kumi, na katika majuma hayo hakuandika chochote daftarini, jambo ambalo babake hakulipenda hata kidogo.

Lugha ya kuhesabia

Katika ulinganisho wowote wa shule za hapa, swali la lugha hujificha nyuma ya swali la mbinu. Tume ya Gachathi, iliyochunguza elimu nchini Kenya, ilipendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotumiwa katika eneo la shule, na kwa sehemu kubwa ya mji wetu lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini shule nyingi za binafsi, na wazazi wengi wanaozilipa, hutaka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kwa hisabati ya mwanzo nadhani wanajinyima kitu cha bure. Mtoto anayesema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, hutaja kumi kila mara na kusikia kilichozidi, ilhali majina ya Kiingereza ya nambari hizo mbili za mwanzo hayaonyeshi kumi popote, na la tatu hukaribiana kwa sauti na la thelathini hata watoto wakubwa huyachanganya.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na mwalimu anayeijua huitegua mapema. Sitini husikika sita ndani yake, sabini husikika saba, tisini husikika tisa, kwa sababu maneno hayo yote yametoka Kiarabu. Lakini ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini hayafanani kabisa na mbili, tatu, nne, tano na nane, ambazo ni za Kibantu. Hapo mtoto hupotea. Dawa ninayoitumia ni kuiita thelathini na mbili "makumi matatu na mbili" kwa muda, huku vijiti vikiwa vimefungwa kumi kumi kwa mpira, mpaka mafungu yaonekane. Kisha jina la kawaida hurudi, na la Kiingereza hufuata bila taabu, kwa kuwa sasa ni jina jipya la kitu ambacho mtoto anakijua.

Saa, na njia zote tatu mbele ya somo moja

Hakuna somo linaloonyesha tofauti ya njia hizi vizuri zaidi kuliko kusoma saa, na mtoto wa Mombasa hulisoma mara mbili. Nyumbani saa moja ya asubuhi imefika. Ukutani mshale mfupi umeelekea 7. Shuleni, kwa Kiingereza, mwalimu anaisema hiyo saba. Majina mawili, wakati mmoja.

Kwa njia ya kukariri, mtoto hupewa jozi kumi na mbili azihifadhi: saba ni moja, nane ni mbili, na kuendelea. Huzihifadhi, kisha siku anapoulizwa saa tano ni ipi ukutani, huanza kuimba kutoka mwanzo. Kwa mchezo huru, huzungusha mishale ya saa ya plastiki kwa furaha kubwa, akatoka alivyoingia. Kwa kuongozwa, mwalimu humpa duara la karatasi lenye nambari na kijiti kirefu kinachovuka katikati, kisha humwuliza: kichwa cha kijiti kikiwa kwenye 7, mkia uko wapi? Uko kwenye 1. Kikiwa kwenye 9? Uko kwenye 3. Mtoto hugundua, na hapa neno hilo linastahili, kwamba mkia wa mshale mfupi ndio unaosema Kiswahili. Baadaye huelezwa kuwa kuvuka duara ni kuondoa au kuongeza sita, na huyo amekwisha kupata somo la kutoa ambalo hatalisahau.

Somo hilo halikomei hapo, maana mtoto mwerevu atauliza kwa nini tunahesabu hivyo. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na jua huchomoza karibu na wakati uleule kila siku. Kuanza kuhesabu saa tangu macheo ni jambo la busara mahali kama hapa, ambalo lingeleta taabu London, ambako jua la Juni na la Desemba hayaachani kwa dakika bali kwa saa nyingi. Hisabati imetupeleka kwenye sayansi bila kubisha hodi.

Mchezo wenye njama

Nisieleweke kuwa naupinga mchezo. Napinga mchezo usiojua unakokwenda. Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha mwaka 2008 utafiti juu ya watoto wa chekechea wa familia zenye kipato kidogo nchini Marekani, waliocheza mchezo mdogo wa ubao wenye vyumba vilivyopangwa kwa mstari na kuandikwa 1 hadi 10. Vikao vilikuwa vinne tu, vya takriban dakika 15 hadi 20. Watoto hao waliendelea sana katika kulinganisha na kukadiria nambari, ilhali wenzao waliocheza mchezo uleule wenye vyumba vya rangi bila nambari hawakuendelea. Wote walicheza, na pengine wote walifurahi sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye kile kilichoandikwa ubaoni na kwa mtoto kuzitaja nambari anaposogea.

Nyoka na ngazi inayouzwa kila duka la vifaa vya shule huwa na vyumba 100 vinavyopinda mstari kwa mstari, na kwa mtoto wa miaka minne huo ni msitu. Mchoree mstari mmoja mchangani wenye vyumba kumi, atumie kombe kama kete, na alipo kwenye 4 akipata 2 aseme "tano, sita" badala ya kuanza tena "moja, mbili". Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, ni gumu kwa mtoto mdogo, lakini kile kitendo cha kutia kete moja katika kila shimo ndicho hasa anachokihitaji: neno moja, kitu kimoja, mahali pamoja. Mashimo manane ya mchangani na mbegu za kutosha zinamtosha.

Sayansi, ambako mpangilio hugeuka

Katika sayansi dunia iko tayari, haingoji makubaliano. Msumari huzama mtoto akijua au asijue. Ndiyo maana kuanza na maelezo ya kuhifadhiwa ni kuweka kifuniko kabla ya chungu. Nimesahihisha karatasi za watoto walioandika vizuri kwamba maji yana hali tatu, imara, kimiminiko na gesi, nikawauliza mbona chupa ya soda iliyotoka kwenye friji imelowa nje. Karibu wote walijibu kwamba inavuja.

Jibu hilo si ujinga. Ni fikra yenye mantiki ambayo haijapimwa. Mtoto wa mchezo huru naye angebaki nalo, kwa kuwa hakuna kitu katika kuchezea chupa kinachomlazimisha kulitilia shaka. Mtu mzima anahitajika hapa, si kwa kutoa jibu bali kwa kuleta kitu kitakacholisumbua jibu la mtoto. Jaza glasi sharubati ya ukwaju yenye barafu, uifute nje ikauke, ungoje. Matone yakijitokeza, mtoto ayaguse na kuyaonja. Hayana rangi ya ukwaju wala ukali wake. Basi yametoka wapi? Kwa hewa ya Mombasa yenye unyevunyevu, jaribio hili halihitaji kungoja sana, na ni nadra hali yetu ya jua na jasho kuwa na faida ya kielimu.

Vivyo hivyo na kuelea. Watoto wengi huamini kuwa vizito huzama na vyepesi huelea, ilhali wamevuka Likoni mara nyingi juu ya feri ya chuma iliyobeba malori. Weka karai la maji, sufuria na ufunguo. Mwulize kwanza kipi kitazama, na umlazimishe achague kabla ya kujaribu, maana bila kutabiri mtoto huona tu tamasha. Sufuria nzito huelea, ufunguo mwepesi huzama. Kisha atie gololi ndani ya sufuria moja moja, akihesabu, mpaka maji yaingie. Siku ya pili atumie bakuli dogo zaidi, alinganishe hesabu. Chungwa lenye ganda huelea na lililomenywa huzama, na mtoto aliyeona hayo mawili kwa siku moja hatasema tena kwa wepesi kwamba uzito ndio sababu. Hajafika kwenye sababu yenyewe bado, na si lazima afike akiwa na miaka sita.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba mtoto mdogo akiona maji yamemiminwa kutoka glasi pana hadi glasi nyembamba, husema yameongezeka kwa kuwa yamepanda juu. Kumkaripia hakusaidii, wala kumwimbisha kwamba ni yaleyale. Apime kwa kibaba mchele wa nyumbani, avimimine vibaba vinne vipate pishi, aurudishe, aumwage kwenye sinia, aurudishe tena. Somo hili ni la hisabati na la sayansi kwa wakati mmoja, na bibi yake analijua kuliko mimi.

Kwa mtoto wa miaka saba hadi tisa, bahari ndiyo maabara. Maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake huwa maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Mtoto anayevuka feri kila siku anaweza kutazama ni kiasi gani cha mteremko kimeachwa wazi, akaandika saa na kuchora mwezi kando yake kwa majuma mawili. Asiambiwe kuwa mwezi unahusika. Aachwe aione michoro yake. Huu ndio ugunduzi unaoongozwa: mtu mzima alichagua cha kutazamwa na muda wa kukitazama, mtoto akaona mwenyewe.

Ziara za shule hupimwa kwa kipimo hichohicho. Pale Haller Park, hifadhi ya wanyama iliyoko Bamburi, machimbo ya matumbawe yaliyoachwa tupu na kazi ya saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 chini ya René Haller, na majani yake yaliyodondoka hayakuoza kwa urahisi mpaka jongoo walipoletwa wakayala na kusaidia kuyageuza udongo. Darasa linaloongozwa huinama chini likamtafuta jongoo na kuuliza anakula nini. Darasa lisiloongozwa humpungia twiga mkono, hunywa soda na kurudi kwenye basi.

Mengineyo kwa ufupi

Madarasa ya abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, huongeza kasi ya kukokotoa, na watoto wengine huyapenda. Yachukuliwe kama michezo ya akili, si kama mbadala wa maana. Programu za simu zinafaa kwa mazoezi mafupi ya jumla ndogo, lakini simu hufurahia jibu sahihi bila kuuliza limepatikanaje. Nao mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 kuanzia madarasa ya awali hadi gredi ya tatu, unaegemea njia ya tatu kwa maandishi yake. Tatizo ni pale mradi wa mtoto unapokatwa manila na kubandikwa gundi na babake saa tano za usiku. Mradi wa namna hiyo umfundishe nani?

Namna ya kuchagua

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, chagua kuongozwa kwa vitu kwa hisabati, vipindi vifupi vya dakika kumi hadi kumi na tano, na siku iliyobaki acheze, maji na mchanga vikiwa karibu. Usimlipie tuisheni. Kwa wa miaka sita na saba, vitu viendelee lakini michoro na alama ziingie, na mazoezi ya kila siku ya jumla ndogo yaanze. Hapa kukariri kunapata nafasi yake halali. Kwa wa minane na tisa, jedwali la kuzidisha likae kichwani, baada ya kupanga vizibo safu kwa safu na kuona kuwa tatu mara nne na nne mara tatu ni mstatili uleule uliogeuzwa. Ikiwa mzazi hana muda ila nusu saa ya jioni, na mtoto ametoka shule akapitia chuoni, afadhali nusu hiyo iwe jikoni akipima unga na kugawa chapati kwa nusu na robo kuliko mezani juu ya daftari lingine.

Nakiri kwamba njia ya tatu ndiyo ghali zaidi, si kwa vifaa bali kwa mwalimu. Inamtaka mtu anayejua mtoto amekwama wapi, na mwenye watoto sitini hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Shule yenye darasa kubwa na mwalimu mwangalifu anayeita watoto wachache wachache mkekani, wengine wakiandika, inaishinda shule yenye watoto kumi na vifaa vya kuagizwa ambavyo hakuna anayejua kwa nini vimewekwa.

Ukienda kuitembelea shule, usitazame kuta kwanza. Omba ukae nyuma ya darasa la hisabati kwa dakika ishirini, umsikilize mwalimu mtoto anapokosea: je, anampita na kumtafuta mwingine mwenye jibu, au anabaki naye? Kisha umsikilize mtoto anapopatia. Mwalimu anayeuliza "umepataje?" hata kwa jibu sahihi, kisha akalisikiliza jibu la pili kwa makini kuliko la kwanza, huyo ningempelekea wangu, hata kama darasa lake halina feni.